Kinga imeshuka, au imepotea njia? Jibu kwa fundi rangi wa magari

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 34, ni fundi rangi wa magari, mwaka wa sita huu. Tangu mwaka jana mafua hayaniishi. Usiku nakohoa mpaka naamka kukaa, kifua kinabana, na mikono inawasha na kupasuka. Nimepima virusi vya Ukimwi mara tatu na makohozi ya kifua kikuu mara mbili, vyote sina. Hospitali wananipa antibiotiki. Duka la dawa walinipa prednisoloni na hiyo ndiyo inayonisaidia, ila nikiacha hali inarudi. Wenzangu wanasema thina imeniulia kinga, ninunue vidonge vya kuiongeza. Lakini mwenzangu mmoja ana miaka kumi na tano kwenye rangi na hana hata chafya. Je, kweli kemikali za kazini zinaua kinga? Na mke wangu anayefua nguo zangu, yuko salama?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishtua si mafua. Ni maneno mawili uliyoyataja kwa kupita: usiku, na prednisoloni. Nitayarudia.

Nianze na hilo neno kinga. Tumezoea kulizungumza kama maji kwenye tangi: yakijaa uko salama, yakipungua unaugua, na tiba ni kujaza. Kama ingekuwa hivyo, ushauri wa wenzako ungekuwa wa maana. Lakini kinga inafanana zaidi na kundi la walinzi wanaojifunza kazini. Kupiga wanajua tangu mwanzo. Kigumu kwao ni kutambua nani apigwe na nani aachwe apite. Kemikali zinaweza kuwaharibu kwa njia tatu. Zinaweza kuwapunguza idadi au nguvu, na hapo wadudu wa maradhi wanaingia kirahisi. Zinaweza kuwafundisha kumshambulia mpita njia asiye na madhara, na huo ndio mzio. Au zinaweza kuwageuza wamshambulie mwenye nyumba, na hapo mwili unajila wenyewe. Wenzako wanaijua njia ya kwanza tu. Kwa dalili ulizoniandikia, mimi naona uko kwenye ya pili, na kumtafutia mtu wa njia ya pili dawa za kuongeza kinga ni kuwaongezea virungu walinzi waliokwisha kukosea mtu.

Tuangalie mikebe unayoifungua kila siku. Rangi nyingi za magari, hasa ile ya juu kabisa inayong'arisha, huja kwa makopo mawili: rangi yenyewe na hadena. Unachanganya, unatia thina, unapuliza. Thina ndiyo yenye harufu kali, kwa hiyo lawama zote zinaiendea thina. Hadena inakaa kimya. Ndani yake kwa kawaida mna kemikali za jamii ya isosayanati, na hizi hazikuonyi kwa pua: ukiona unazisikia harufu, tayari zimepita kiwango cha usalama. Zinatumika pia kutengeneza sponji za magodoro na viti, gundi, povu la kuziba nyufa na vanishi za sakafu. Katika nchi zinazoweka kumbukumbu za pumu za kazini, isosayanati zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa visababishi vikuu, na wapuliza rangi za magari ni miongoni mwa wanaoumia zaidi.

Namna inavyotokea inaeleza kwa nini imekupata mwaka wa tano na si wiki ya kwanza. Molekuli ya isosayanati ni ndogo mno. Peke yake kinga isingeiona. Lakini ina pupa ya kushikana na chochote kilicho karibu, na pupa hiyo ndiyo inayofanya rangi yako ikauke ngumu kama kioo. Ukiivuta, inashikana na protini za utando wa njia zako za hewa kwa pupa ileile. Sasa walinzi wanakutana na protini ya mwili wako mwenyewe ikiwa imevaa kitu cha kigeni. Wanaichunguza, wanaiweka kwenye kumbukumbu, wanazaliana. Muda wote huo wewe husikii lolote. Kipindi hiki cha kimya kinaweza kuwa wiki, miezi au miaka. Kisha siku moja kumbukumbu imekamilika, na kuanzia hapo kiasi kidogo sana, ambacho mwanzoni usingekihisi kabisa, kinatosha kuamsha vita kwenye mapafu. Hata ngozi inaweza kuwa mlango wa somo hilo. Upo ushahidi kwamba kumwagikiwa na isosayanati mikononi kunaweza kuiandaa kinga, kisha mapafu ndiyo yanayolipa.

Na usiku? Watu wengi wanadhani mzio ni kitu cha papo hapo: unagusa, unapiga chafya. Shambulio la isosayanati mara nyingi huchelewa saa nne hadi nane. Unapuliza gari saa tisa alasiri, unaoga, unakwenda nyumbani ukiwa mzima, kifua kinabana saa nne usiku. Kwa akili ya kawaida kabisa unalaumu baridi, vumbi la chumbani au godoro. Gereji haipati lawama kwa sababu ulipokuwa gereji ulikuwa salama. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyekuwa amebadilisha nyumba mara mbili akikimbia unyevunyevu, kumbe ugonjwa ulikuwa ukimsubiri kazini kila asubuhi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anafanya kazi gani kwa undani. Kwenye kadi yake palikuwa pameandikwa "fundi", basi.

Prednisoloni ni ushahidi wa pili. Dawa hiyo haiui kidudu chochote. Kazi yake ni kuwatuliza walinzi. Kama ungekuwa na kinga iliyokufa, kuituliza zaidi kusingekupa nafuu ya haraka namna hiyo. Unapata nafuu kwa sababu tatizo lako ni kinga iliyowaka pasipotakiwa. Lakini naomba unisikilize hapa kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua hii: vidonge vya prednisoloni vikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi ndivyo vinavyoshusha kinga kwelikweli. Vinaamsha kifua kikuu kilicholala, vinapandisha sukari na shinikizo la damu, vinadhoofisha mifupa. Utakuwa umenunua kwa fedha yako ule ugonjwa uliokuwa unauogopa. Na kama umevimeza mfululizo zaidi ya wiki tatu, usiviache ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zinazotengeneza homoni ya aina hiyo zitakuwa zimelala na zinahitaji muda kuamka. Nenda kwa daktari apunguze dozi kidogo kidogo. Ikithibitika ni pumu, zipo dawa za kuvuta zinazofika moja kwa moja kwenye mapafu kwa kiasi kidogo sana, na hizo ndizo zinazofaa kutumika kila siku.

Umesema mafua hayakuishi. Jiulize: yanakuja na homa? Makamasi yanageuka mazito ya njano au kijani? Wa nyumbani wanaambukizwa? Kama jibu ni hapana, na ni maji mepesi tu, chafya na pua kuziba, na yanapungua ukikaa siku tatu nne bila kazi, basi hayo si maambukizi. Ni pua ikipigana vita ileile ya kifua, na mara nyingi pua hutangulia. Antibiotiki hapo hazina kazi ya kufanya.

Sasa uthibitishe. Mimi sijakuweka chini ya kipimo na siwezi kukuhukumia ugonjwa kwa barua. Kuna kijifaa kidogo cha plastiki cha kupulizia, kinachopima kasi ya pumzi inayotoka. Kliniki za kifua wanacho na wengi huwaazima wagonjwa. Puliza mara nne kwa siku: unapoamka, mchana, jioni na kabla ya kulala. Kila mara puliza tatu, andika ile kubwa kuliko zote. Fanya hivyo wiki nne, zikiwemo siku za kazi na za mapumziko, na pembeni uandike ulichofanya siku hiyo: nimepuliza rangi ya juu, nimepiga msasa, nimekaa nyumbani. Ukichora namba hizo utaona kama zinashuka siku za kazi na kupanda siku za mapumziko. Ukipata likizo ya wiki mbili ndani ya kipindi hicho, ni bora zaidi, maana mapafu yaliyochokozwa muda mrefu hayapati nafuu kwa Jumapili moja. Daftari hilo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko vipimo vingi vya gharama kubwa. Wakikupima damu kutafuta kingamwili za isosayanati, yaani protini ambazo walinzi huzitengeneza dhidi yake, na majibu yakawa safi, usikubali kwamba jambo limekwisha. Wagonjwa wengi wa pumu hii hawana kingamwili hizo zinazoonekana kwenye damu. Na usijijaribu mwenyewe kwa kwenda kuvuta rangi makusudi uone kitakachotokea. Kuna watu waliokwishapata mzio huu, wakarudi kupuliza, wakafa kwa shambulio moja. Siku ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au midomo ikibadilika rangi, usisubiri asubuhi.

Pamoja na daftari, mpelekee daktari jina la kitu unachotumia. Usiseme "rangi". Piga picha kopo la hadena. Kwenye lebo zinazofuata mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kutia kemikali alama, kemikali inayoleta mzio wa mapafu hubeba picha ya kiwiliwili cha mtu chenye mpasuko kama nyota kifuani, na kwenye maelezo yake kuna namba H334. Ile inayoleta mzio wa ngozi ni H317. Muuzaji au mwajiri anatakiwa kuwa na karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali, yenye sehemu 16. Wewe kaanzie sehemu ya 2 inayotaja hatari, ya 8 inayoeleza vifaa vya kujikinga, na ya 11 inayohusu sumu mwilini. Ukikuta H334, umepata jambo ambalo daktari wako hawezi kulipuuza.

Nikija kwenye kazi yenyewe, nakuandikia kwa moyo mzito, kwa sababu najua kazi hiyo ndiyo inayokulisha. Ikithibitika ni pumu ya isosayanati, kubadilisha barakoa hakutoshi. Kinga iliyokwisha kujifunza inaitikia kiasi ambacho barakoa nzuri bado inakipitisha pembeni ya shavu. Unatakiwa utoke kabisa kwenye kazi ya kupuliza, na hata usikae kwenye jengo ambalo mwingine anapuliza bila chumba maalumu. Wapo makarani wa ofisi za jirani waliopata ugonjwa huu bila kushika bomba la rangi hata siku moja. Haraka ina maana hapa. Takribani theluthi moja ya wenye pumu ya kazini hupona dalili zote baada ya kuondoka. Wengine hubaki nayo, ingawa kwa wengi inapungua makali. Kinachowatofautisha sana ni muda waliokaa kazini tangu dalili zianze. Wewe una mwaka mmoja. Huo si muda mfupi, lakini si mitano. Ongea na mwajiri kuhusu kazi nyingine palepale: kunyoosha bodi, umeme, mapokezi, makadirio. Kupiga msasa rangi ambayo haijakauka vizuri, au kuchomelea juu ya bodi yenye rangi hiyo, kunarudisha isosayanati hewani, kwa hiyo hata kazi mpya uichague kwa uangalifu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kemikali, namba 170 wa mwaka 1990, unampa mfanyakazi haki ya kujua kemikali anazotumia na haki ya kujiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu bila kuadhibiwa. Nchi iliyouridhia imejifunga nao. Na mwaka 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi katika kanuni zake za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu hata kama haijaridhia mikataba inayohusika.

Na wenzako wanaobaki, waambie mambo machache. Ukungu wa rangi unabaki hewani dakika kadhaa baada ya bomba kuzimwa, na jicho haliuoni. Wengi wanaumia kwa kunyanyua barakoa mara tu wanapomaliza ili kukagua kazi. Barakoa inayofaa ni ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Zile za vichujio vya mkaa hazikupi ishara yoyote zikishajaa, kwa sababu isosayanati haina harufu ya kukuonya. Ya kitambaa haina kazi kabisa. Rangi iliyoandikwa kwamba ni ya maji isiwadanganye: kama ina kopo la pili la hadena, isosayanati zipo. Pale penye maabara, kuna kipimo cha mkojo kinachoonyesha kama isosayanati zimeingia mwilini, lakini mkojo utolewe mara tu kazi inapomalizika, maana alama zake zinapotea ndani ya saa chache.

Mikono yako ni habari nyingine, japo ina undugu na hii. Naamini unanawa kwa thina jioni, karibu mafundi wote wananawa hivyo. Thina inayeyusha mafuta ya ngozi, na ngozi isiyo na mafuta ni ukuta uliong'olewa matofali. Kupasuka na kuchoma kunaweza kuwa ni huo mchubuko tu, bila kinga kuhusika. Lakini kupitia nyufa hizo hadena, resini za epoksi na kemikali nyingine zinafika kwa walinzi walioko chini ya ngozi, na ukurutu wa mzio unaanza. Tofauti utaijua kwa kipimo cha kubandika: viraka vyenye kemikali mbalimbali vinabandikwa mgongoni siku mbili, vinabanduliwa, na daktari anasoma ngozi siku hiyo na siku chache baadaye. Wakati unasubiri, nawa kwa sabuni laini, paka mafuta mazito, na uachane na glovu nyembamba za mpira wa asili, thina inazipenya upesi.

Naona mzio huu wa ngozi unatupa mfano mmoja wa kutia moyo. Wajenzi walikuwa wakipata ukurutu sugu wa mikono kutokana na kromiamu iliyomo kwenye saruji. Kuongeza salfati ya feri kidogo kwenye saruji kunaigeuza kromiamu hiyo isipenye ngozi kirahisi. Denmark ilianza mapema miaka ya 1980, na tangu Januari 2005 Umoja wa Ulaya unakataza kuuza saruji ya kazi za mikono yenye zaidi ya sehemu 2 kwa milioni ya kromiamu hiyo ikishachanganywa na maji. Ugonjwa ulipungua. Wajenzi hawakuhimizwa wawe waangalifu zaidi wala kumeza kitu; kilichobadilishwa ni mfuko wa saruji.

Sasa swali lako kama lilivyoulizwa: je, zipo kemikali zinazopunguza kinga kwelikweli? Zipo, na wenzako hawajasema uongo, wamekosea mahali pa kuliweka jambo. Anayeongoza ni benzini. Chembe za kinga zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa, na benzini ikivunjwavunjwa mwilini inatoa sumu zinazoharibu uboho huo. Mwaka 2004 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya wafanyakazi 250 wa viwanda vya viatu huko Tianjin, China, waliotumia gundi yenye benzini, wakiwalinganisha na wengine 140 wasioitumia. Chembe nyeupe zilikuwa zimepungua hata kwa wale waliovuta chini ya sehemu 1 kwa milioni, kiwango ambacho sheria ya Marekani ilikuwa inakiruhusu. Thina nyingi leo zinatengenezwa kwa toluini na zailini, lakini thina isiyo na lebo, iliyochanganywa kusikojulikana, inaweza kuwa na benzini ndani. Kwa hiyo omba wakupime picha kamili ya damu. Ikiwa chembe nyeupe, nyekundu na chembe sahani ziko sawa, hofu ya kuuliwa kinga na thina unaweza kuiweka chini. Zikiwa pungufu, hilo ni jambo la haraka, na mafundi wote wa gereji hiyo wapimwe.

Jirani yako wa kuchomelea naye asisahaulike. Moshi wa kuchomelea unawafanya mafundi wapate nimonia kali ya bakteria mara nyingi kuliko watu wa kazi nyingine, hata vijana wenye nguvu, na hatari hiyo inapungua wakiacha kazi. Ndiyo maana Uingereza inapendekeza chanjo ya bakteria wa nimonia kwa wachomeleaji. Kama gereji yenu inasafisha bodi kwa mchanga wa kurushwa kwa upepo, vumbi la silika ni hatari ya aina yake: chembe zinazomeza uchafu mapafuni zinaimeza silika, inaziua, inatoka, inamezwa tena. Kifua kikuu kinapata njia, na hatari hiyo haiishi hata vumbi likiisha. Kuna kemikali nyingine ambazo upungufu wa kinga unaohusishwa nazo hauonekani kwa ugonjwa bali kwa chanjo. Watoto wa Visiwa vya Faroe waliokuwa na kemikali za jamii iitwayo PFAS, zisizovunjika kirahisi, nyingi zaidi kwenye damu walijenga kingamwili chache zaidi baada ya chanjo ya dondakoo na pepopunda. Kemikali hizo zimo kwenye baadhi ya povu za kuzimia moto.

Silika inatupeleka pia kwenye njia ya tatu, ya mwili kujishambulia. Mwaka 1914 daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh aliandika kuhusu wagonjwa 9 wa ugonjwa adimu unaokaza ngozi ikawa kama gamba. Watano kati yao walikuwa wachonga mawe. Mwaka 1953 Anthony Caplan akaeleza vivimbe vya ajabu kwenye mapafu ya wachimba makaa ya mawe wa Wales waliokuwa na baridi yabisi. Zaidi ya miaka mia tangu Bramwell, vijana wanaokata mawe bandia ya meza za jikoni, ambayo mengi yana silika zaidi ya asilimia 90, wameugua mapafu, na baadhi yao wana magonjwa haya ya kinga pia. Australia imeyapiga marufuku mawe hayo tangu Julai 1, 2024. Inaniuma kwamba ilichukua muda wote huo.

Kuhusu mwenzako wa miaka kumi na tano. Anakufanya ujione dhaifu, na huenda mwajiri naye anamtaja kama ushahidi kwamba rangi haina neno. Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwenye madini ya beriliamu. Mwaka 1946 daktari Harriet Hardy alieleza wagonjwa 17 kutoka kiwanda cha taa za mirija huko Salem, Marekani, ambao madaktari walidhani wana ugonjwa mwingine. Kumbe ni vumbi la beriliamu liliwafundisha walinzi vibaya. Mwaka 1993 ikagundulika kwamba asilimia 97 ya wagonjwa wa aina hiyo walikuwa na tofauti ndogo kwenye jeni moja la kinga, wakati miongoni mwa waliofanya kazi ileile bila kuugua waliokuwa nayo ni asilimia 30. Kwa hiyo ndiyo, kuzaliwa kuna sehemu yake. Lakini tazama hiyo 30: watu wengi wana jeni hilo na hawaugui. Hakuna wa kumwambia mtu "wewe huifai kazi hii" kwa kutazama damu yake kabla hajaanza. Kinachoweza kupimwa na kurekebishwa ni hewa. Mwenzako hakukuzidi nguvu. Yeye bado yuko kwenye kile kipindi cha kimya, au hatafika mwisho wake kamwe. Na yeye pia anastahili hewa safi.

Mke wako. Pumu yako si ya kuambukiza, na mtoto, kama mnaye, hataipata kwa kukumbatiwa. Ila vumbi la kazini linasafiri kwenye nguo. Kwa beriliamu na asibesto wapo watu wa familia walioumwa kwa kufua tu. Rangi iliyokwisha kukauka kabisa haina hatari kubwa, lakini ovaroli iliyolowa hadena bado mbichi, au yenye vumbi la msasa, haifai kufika chumbani. Vua gereji, oga kama pana maji, uje na nguo nyingine. Nguo za kazi zifuliwe hukohuko. Pasipowezekana, zije kwenye mfuko uliofungwa, zisikung'utwe, zilowekwe kwanza, na zifuliwe peke yake ndoo yake ikiwa mbali na nguo za mtoto. Yeye akianza kukohoa usiku au kuwashwa mikono, naye aende kliniki, na amtajie daktari kazi yako wewe.